Mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, homa imepanda: dawa kwanza au sampuli kwanza?

Jamani naomba tulijadili hili bila kuogopana. Mgonjwa ana mpira wa kupumulia zaidi ya saa 48, homa inapanda, makohozi yamebadilika rangi, eksirei ina wingu. Wengi wanasema hapo usihangaike na maabara, mimina antibiotiki kali, vipimo baadaye, maana nimonia hii ya mashine ya kupumulia inaua. Kwamba inaua sibishi. Ila dalili hizohizo anaweza kuwa nazo mtu ambaye mapafu yamejaa maji tu au kipande kimesinyaa, na wewe ushamwanzishia dawa tatu.

Mi nashinda kwenye hadubini na kinachoniuma ni hiki, sampuli inaletwa siku ya pili ya dawa, naotesha vimelea, hakioti kitu, halafu naulizwa mbona maabara haioni. Itaona nini wakati vimelea vishapigwa? Presha ikishuka sisemi ungoje majibu, lakini kunyonya sampuli ni dakika chache, nyonya kisha choma dawa.

Kuotesha ni siku 2 hadi 3, ila slaidi ya Gram, yaani kupaka sampuli rangi na kuitazama kwa hadubini, haimalizi saa moja. Nikikuta seli bapa za mdomoni zimejaa, hayo ni mate, nawaambia rudieni. Nikikuta seli nyeupe kibao na bakteria wa umbo la vijiti vya pinki ndani yake, hapohapo napiga simu. Na sampuli nzuri ikiwa haina hata kishada kimoja cha bakteria wa zambarau, dawa ya MRSA, yule stafilokokasi sugu, unampa ya nini? Wajapani walilijaribu kwa wagonjwa 206, matokeo yakatoka 2022, waliochaguliwa dawa kwa slaidi walipona sawa tu na wenzao na dawa kali zikapungua.

Watu wa PCR, kipimo cha kusaka vinasaba vya vimelea, najua mnakuja. Ni haraka kweli na inaonyesha hadi jeni za usugu, ila inaokota hata vimelea vilivyokufa au vilivyojikalia tu kwenye mpira. Na kipimo kizuri jibu lake lisipofuatwa ni bure. Uingereza walipima IL-1β na IL-8, protini za kinga ya mwili, kwenye maji ya kuoshea mapafu, wagonjwa 210, ili wasio na nimonia waachishwe dawa mapema, ripoti ya 2020 ikasema matumizi ya dawa hayakupungua.

Sasa nyie mnaoandika dawa, nikiwapigia kwamba sampuli ni safi, ilichukuliwa kabla ya dawa, slaidi haina kimelea na mgonjwa ametulia, mnaacha au mnaendelea? Na mkiendelea, mnangoja nini?