Makocha tunatimua kila msimu, uwanja umetushinda tangu 1936!

Wakuu, salaam.

Leo naongea kwa hasira na sitaficha. Kila Simba au Yanga ikipoteza mechi mbili, mjadala ni ule ule: kocha hana mbinu, kocha hajui kupanga kikosi, kocha afungashiwe virago. Kisha wakongwe wanaingia na kumbukumbu za Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru, eti enzi zile makocha walikuwa makocha kweli. Tunabishana hadi usiku wa manane, asubuhi kocha katimuliwa, tunaanza upya na mwingine. Hakuna anayeuliza hizi timu zina uwanja gani wa kuita wao.

Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Hadi leo zote ni wapangaji. Azam imepanda Ligi Kuu 2008 tu, na ina uwanja wake kule Chamazi, tena vigogo wenye mashabiki nchi nzima wamekwenda kuuomba kwa mechi zao za nyumbani! Mimi ni Msimbazi damu, Simba mtupu, na hili linaniuma kuliko hata zile tano tulizopigwa na mtani Yanga.

Shamba la Bibi nalipenda, msinielewe vibaya. Pale ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Pale ndipo mwaka 2003 tulimfunga Zamalek 1-0, tukaenda Cairo tukamvua ubingwa wa Afrika kwa penalti, benchi likiwa chini ya James Siang'a, Mkenya. Na pale pale, mwaka 1993, tulitoka Abidjan na suluhu mkononi, tukajua Kombe la CAF letu, halafu hao Stella wa Abidjan wakatupiga 2-0 kwenye marudiano mbele ya macho yetu. Kuna watu wazima hadi leo ukiwatajia Stella wanabadilisha mada. Kwa hiyo anayekuja kuniambia sijui historia ya ule uwanja, apite pembeni.

Lakini ule uwanja ni wa serikali, tangu siku ya kwanza. Na huu wa Mkapa uliofunguliwa 2007 jirani yake, wa watu 60,000, nao ni wa serikali. Klabu zetu zilitoka kupanga mlango huu zikahamia kupanga mlango wa pili, na viongozi wakapiga picha wakicheka.

Sasa turudi kwa makocha. Patrick Aussems alitupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018/19, Al Ahly akafa kwa bao la Kagere, AS Vita akafa kwa bao la Chama. Novemba 2019 kafukuzwa. Robertinho alikula tano za Yanga tarehe 5 Novemba 2023, siku chache baadaye hayupo. Na watani msicheke: Gamondi aliwapa ubingwa na robo fainali ya Afrika, akapoteza kwa Azam, akapoteza kwa Tabora United, mkamtimua Novemba 2024. Hata Abdallah Kibadeni, aliyemfunga Yanga matatu peke yake kwenye zile sita za 1977 na kutufikisha fainali ile ya 1993, aliporudi kufundisha 2013 hakumaliza msimu. Huyo ni Kibadeni! Kama yeye hakuvumiliwa, nani atavumiliwa?

Na hao makocha tunawadai nini? Tunawadai mpira wa pasi za chini, kasi, kukaba juu. Wataufanyia wapi? Wiki hii uwanja wa KMC pale Mwenge, wiki nyingine Mkapa kama haujafungwa, mechi ikigongana na shughuli nyingine mnahamishwa. Yanga wenyewe baada ya vile vipigo viwili walihama Chamazi katikati ya msimu. Kocha wa Ulaya au wa Afrika Kusini anakuja na ratiba yake kichwani, anakuta hata nyasi atakazochezea mwezi ujao hazijui. Nyasi za uwanja mmoja si za mwingine, vipimo vinatofautiana, mpira unadunda tofauti. Mchezaji hana pale anapopajua kila kona.

Mwaka 2025 ndio ulinimaliza kabisa. Simba tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho chini ya Fadlu Davids. Nusu fainali na Stellenbosch tunachezea Amaan, Zanzibar. Fainali ya marudiano na RS Berkane, tuko nyuma mabao mawili, tunauhitaji ule umati wote wa Temeke, CAF, shirikisho la soka Afrika, wanasema Mkapa haufai, eneo la kuchezea halijakaa sawa. Tukavuka bahari tena. Wazanzibari walitupokea vizuri na nawashukuru kwa dhati, lakini fainali ya Afrika uichezee ugenini mara mbili? Tukatoka 1-1, kombe likaenda Morocco. Halafu kesho yake watu wanajadili mabadiliko ya wachezaji aliyoyafanya Fadlu. Jamani!

Najua kuna atakayesema uwanja haufungi mabao. Sawa. Lakini uwanja ndio unaoingiza fedha za kumlipa anayefunga. Ukiwa mpangaji, mapato ya mlangoni yanakatwa kabla hayajakufikia, matangazo ya ukutani si yako, na siku zisizo za mechi huvuni chochote. Kisha mnavunja mkataba wa kocha na kumlipa fidia, kila msimu. Hizo fidia zote zingekusanywa, wakuu, tungekuwa tumeshamwaga zege.

Michoro tumeshaonyeshwa mingi, upande wetu na upande wa Yanga kule Jangwani, ambako kila mvua ikikolea bonde lote linajaa maji. Mimi michoro sitaki tena.

Ombi langu ni hili. Mkutano mkuu ujao, mwanachama yeyote atakayepewa kipaza sauti, wa Simba au wa Yanga, asiulize habari za kocha. Aulize kiwanja kiko wapi, hati ina jina la nani, mkandarasi ni nani, na fedha zimetengwa kiasi gani. Kiongozi akijibu kwa mchoro, aulizwe tena.

Nawasilisha.