Nikighani watu wanachezea simu, nifanyeje?

Mwanagenzi: Habari zenu wakuu. Natunga tarbia (mashairi ya mistari minne kila ubeti) na mashairi huru miaka sasa, ila kughani hadharani nimeanza juzi. Jumamosi nilialikwa maktaba ya mtaani, wakaja watu 12. Nikasoma tungo 9 mfululizo, macho kwenye karatasi, mikono ikitetemeka hadi karatasi inakwaruza maikrofoni. Kufika ya nne, mama mmoja wa mbele keshafunga zipu ya mkoba na kuupakata. Nataka mtaa unisikie, na walio mbali pia. Naanzia wapi?

Kina_Kati: Pole. Ila tungo 9 ni adhabu, mkuu! Ghani 4, shuka wakiwa bado wana hamu. Halafu una tarbia na hutumii mali yako. Kama kibwagizo chako, ule mstari wa mwisho wa ubeti, hakibadiliki, wafundishe kabla hujaanza. Ukifika mwisho wa ubeti, inua mkono, nyamaza, waachie wao. Ubeti wa kwanza watanong'ona kwa aibu. Wa tatu utawasikia. Mizani (silabi) 16, 8 kila kipande, vina vinagongana: mstari huo unanasa kichwani bila kuandikwa.

Msikilizaji Tu: Mimi huwa ndiye huyo mama wa mkoba 😄 Kinachonikimbiza ni dibaji. Dakika tano unasimulia ulivyolia, shairi lenyewe mistari minane.

Babu Jukwaa: Nenda pia kwenye slam, mashindano ya kughani mashairi jukwaani. Marc Smith alizianzisha Chicago miaka ya 1980, na waamuzi huokotwa humohumo kwenye hadhira. Kwa kawaida huwa 5, wanatoa alama 0 hadi 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Una dakika 3 tu. Utajua haraka mstari upi umelala.

Kina_Kati: Babu, slam nyingi anayepayuka ndiye anayeshinda. Shairi la sauti ya chini linakufa pale.

Babu Jukwaa: Kweli, nimeliona hilo. Basi aende kusikiliza kwanza, na akae mpaka wa mwisho aghani. Wanaoghani na kutoroka hawaalikwi tena.

Mwanagenzi: Asanteni sana. Na wale wa mbali? Nilijirekodi chumbani, nikasikika kama nasoma taarifa ya habari.

Msikilizaji Tu: Rekodi ukiwa mbele ya watu, simu iwe karibu nawe, na wakiitikia usikate. Mie huko niliko nikisikia wenzangu wanaitikia, naitikia na mimi.

Mwanagenzi: Maktaba wamenipa tena mwisho wa mwezi. Naenda na tungo 4, kibwagizo nakiandika ubaoni. Nitaleta mrejesho, mama wa mkoba akirudi.