Bendi inasema kilomita 5, simu inasema 4.6: ninunue saa gani?

KijanaWaTudor: Assalaam aleikum. Nataka kununua saa ya kukimbilia kabla mwezi haujaisha. Jana jioni nilikuwa nakimbia Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa: bendi ya mkononi ikanipa kilomita 5.0, programu ya mbio ya Strava kwenye simu 4.6. Mbio ni zile zile, miguu ni ile ile! Nichukue Garmin Forerunner 55, Amazfit Bip 5, ama nibaki na simu?

fundi_Ganjoni: Waaleikum salaam. Swali lako nusu, ndugu. Bendi gani? Ina GPS yake, ile ya kujua mahali ulipo kwa setilaiti? Na bajeti je?

dada_wa_Bamburi: Na simu ilikuwa wapi? Mfukoni, ama kwenye mkoba chini ya taulo?

KijanaWaTudor: Bendi ni ya kawaida tu, nililetewa zawadi. Simu mfukoni.

fundi_Ganjoni: Bajeti hujaitaja, haya. Bendi nyingi za bei nafuu hazina GPS. Zinasoma mkono unavyotikisika, zinapata hatua, kisha zinazidisha kwa urefu wa hatua ambao zimeukisia kutokana na kimo ulichoandika siku ya kuiwasha. Ukichoka, hatua zikafupika, bendi inaweza kuendelea kukuhesabia zile ndefu za mwanzo. Hapo ndipo kilomita za bure hutoka. Nyingine huazima GPS ya simu, lakini lazima uanzishe mazoezi kwenye programu yake na Bluetooth iwe wazi.

Baharia77: Nunua Garmin, maneno yaishe.

dada_wa_Bamburi: Baharia, wewe hata mtu akiuliza jiko utamwambia Garmin 😂

mkimbiaji_kimya: Simu nayo isiaminiwe kibubusa. Mimi nilitoka Kongowea, nikavuka daraja la Nyali, nikapitia mjini mpaka Fort Jesus. Jua kali, jasho limelowesha hata soksi, najiambia leo nimevunja rekodi. Nafungua simu: mwendo wa mwanzo umechorwa vizuri kona kwa kona, halafu kuna mstari mmoja ulionyooka kama rula, umekatiza baharini hadi ngomeni. Daraja halimo, mji haumo! Simu ilijiweka kwenye hali ya kuokoa betri, ikailaza programu njiani, ilipoamka ikaunga nukta mbili. Marafiki wakaniuliza nilipanda mashua gani. Sasa nimeingia kwenye mipangilio ya betri, nikairuhusu programu ifanye kazi bila kizuizi. Angalia yako kabla hujatoa pesa.

KijanaWaTudor: Ramani yangu haina mstari kama huo. Lakini hata kasi hazilingani.

fundi_Ganjoni: Strava ina muda wa mwendo na muda wote. Ukisimama kununua dafu, mmoja unaganda, mwingine unaendelea. Bendi huenda inagawa kwa ule mrefu.

mzee_wa_mbio: Wanangu, hata saa ghali haitalingana na kipimo cha barabara. Njia ya marathoni, kilomita 42.195, hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, kwa kufuata mkato mfupi kabisa wa kila kona, kisha huongezwa mita moja kwa kila elfu isije ikapunguka. Wewe unapita nje ya kona, unakwepa watu, GPS nayo inayumba mita kadhaa. Tafuta uwanja wa mita 400, kimbia njia ya ndani kabisa, ndipo utajua nani mwongo. Njia ya pili tayari ina kama mita 407.

Baharia77: Mzee, nani ana uwanja karibu? Mimi nakimbia ufukwe wa Nyali maji yakipwa.

dada_wa_Bamburi: Mchanga ule umelalia upande mmoja, utakuja kulia na goti.

Baharia77: Mbona Mama Ngina wikendi hata kutembea huwezi? Watoto, baiskeli, karai za mihogo. Kila hatua kumi unampisha mtu.

mkimbiaji_kimya: Nenda alfajiri.

Baharia77: Alfajiri nimelala.

dada_wa_Bamburi: @KijanaWaTudor, mapigo ya moyo je? Ile taa ya kijani ya mkononi kwa joto letu na jasho, mara nyingine inahesabu hatua ikidhani ni moyo. Mimi ningenunua mkanda wa kifuani kwanza, saa baadaye.

KijanaWaTudor: Mapigo siyajali sana. Ukweli ni kwamba kazini tuna shindano la kilomita za mwezi, wa mwisho anawalisha wenzake biriani. Mmoja anatumia bendi kama yangu na ndiye anayeongoza.

fundi_Ganjoni: Aaa! Ungesema mapema. Sasa unataka saa iseme kweli, ama unataka ushinde?

mzee_wa_mbio: Wote mtumie kipimo kimoja. Saa yako ikiwa ya kweli peke yake, wewe ndiye mpishi.

Baharia77: Biriani ya kuku ama ya nyama?

dada_wa_Bamburi: Ya mbuzi. Na bajeti bado hajataja.

mkimbiaji_kimya: Ukinunua saa, hiyo bendi unaiuza?