11 Aprili: tuikumbuke au tuiache ipite?

Jana kwenye kahawa, Magomeni, nilisema Tanzania iitambue rasmi 11 Aprili, siku jeshi letu lilipoiteka Kampala mwaka 1979 na utawala wa Idi Amin ukaanguka. Nikarukiwa na kijiwe kizima. Naileta hoja hapa tujadiliane.

Jirani yangu anasema hiyo ni sherehe ya wenyewe Waganda, na hata wao wanapumzika 26 Januari, siku Museveni alipotwaa nchi mwaka 1986. Tena tulimwondoa Amin akarudi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin huyo huyo, damu ikamwagika Luwero. Huku nyumbani tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, miezi ikapita na foleni za sukari na sabuni zikabaki palepale.

Kweli kabisa, sibishi. Ila baba yangu mdogo hakumchagua Obote. Alikuwa mgambo wa miaka 19 wakati Nyerere anawaambia wazee wa Dar pale Diamond Jubilee, 2 Novemba 1978, kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Kagera ilishavamiwa, watu wameuawa, ng'ombe wameswagwa kuvushwa mpaka; daraja la Kyaka nalo likavunjwa. Akaenda. Kutoka Mutukula walitembea kwa miguu. Habari za mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, hazisemi sana: mafunjo, tope la kiunoni, na mwenzake aliyemwomba amshikie kofia kidogo. Kofia hiyo imo sandukuni, chini ya kitanda, Mbagala. Kila 11 Aprili anaitoa, anaipangusa vumbi, anaikunja upya kwenye khanga ya marehemu mkewe. Hakuna anayemuuliza.

Mtasema ipo Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Ipo, na naiheshimu. Lakini siku hiyo ni ya mashujaa wote kwa pamoja. Mtoto wa Temeke ataijulia wapi Kyaka? Sidai gwaride wala siku ya kulala nyumbani. Nataka vita ile isimuliwe darasani na redioni, pamoja na Obote na foleni zetu, maadamu waliopigana bado wapo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ni mzee, na wengi tumeshawazika kimya kimya.

Mnaopinga, nijibuni hili tu: baba mdogo akiondoka, ile kofia niwaambie wanangu ni ya nani?