Kompyuta imegoma kuwaka baada ya radi: tupeane uzoefu

Jamani wa Nairobi, mvua ya masika imeingia na mambo ni yale yale: radi inapiga, stima inapotea ploti nzima, inarudi kwa kishindo, na asubuhi kompyuta ya mezani haisemi kitu. Yangu imegoma, niko mtaa wa Umoja. Nikibonyeza kitufe hakuna taa wala feni. Ndani kuna picha za marehemu mama na kazi za watoto za shule. Kabla sijaibeba hadi kwa mafundi wa Luthuli Avenue, naomba aliyepitia haya aeleze alikuta nini.

Kayole
Pole sana dada. Usianze na kompyuta, anza ukutani. Chomeka taa ama chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone. Halafu iondoe ekstensheni, uchomeke moja kwa moja. Kwangu soketi ilikuwa sawa, nikachukua waya wa stima wa skrini, maana kwa kawaida unaingiliana na ule wa kompyuta, na mashine ikanguruma papo hapo. Iliyokuwa imeungua ni fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini 3. Watu wengi hawajui hata kwamba imo. Ukinunua nyingine, soma ampea zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, usiweke kubwa zaidi.

Kasarani
Yangu iliamka bila kununua chochote. Chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, kisha rudisha. Pawa saplai nyingi, kile kisanduku cha ndani kinachoipa kompyuta stima, hujifunga zikihisi stima imezidi, na zinaweza kubaki hivyo hata stima ikitulia, mpaka chaji iliyobaki ndani iishe.

Fundi, katikati ya jiji
Hayo mawili ni sahihi, fanyeni kwanza. Yakishindikana, zima, chomoa waya wa ukutani, fungua kasha, chomoa ile plagi pana ya pini 24 kutoka kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi hiyo kwa kibanio cha karatasi, ndipo urudishe stima. Feni ya pawa saplai ikizunguka, angalau inaamka, ingawa hiyo haithibitishi ni nzima. Ukiwa na mita ya kupimia volti, waya wa njano utoe karibu volti 12, mwekundu 5, wa machungwa 3.3. Nawasihi sana, pawa saplai yenyewe msiifungue. Kapasita zake, vipande vinavyohifadhi stima, hushika mamia ya volti hata ikiwa imechomolewa, na zinaua.

South B
Nyumbani kwetu soketi ilikuwa na kinga ya radi, lakini radi ilipitia waya wa intaneti. Ruta ikafa, na madabodi ikafa nayo. Siku hizi mawingu yakikusanyika tunachomoa vyote, wa stima na wa intaneti. Ila usikate tamaa na picha zako dada: diski yetu ilitoka salama. Tuliiweka kwenye kasha la nje la USB, tukaichomeka kwenye laptopu ya jirani, na kila kitu kilikuwepo. Kwa hivyo fundi yeyote akikuambia "mashine yote imeenda", mwombe diski yako kwanza.

Umoja tena
Asanteni kwa moyo wote. Chaja ya simu inafanya kazi kwenye soketi, waya wa skrini haukusaidia, kushikilia kitufe pia hapana. Kaka yangu amejaribu kibanio: feni imekaa kimya, na nyuma ya pawa saplai kuna harufu ya kuungua. Diski nimeshaitoa, nimeifunga kwenye kitambaa kikavu, iko kabatini. Fundi, nikienda kutafuta nyingine, niangalie nini?

Fundi, katikati ya jiji
Wati zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani, na plagi zake ziingie kwenye madabodi yako bila kulazimisha. Ukiuziwa ya mtumba yenye swichi ndogo upande wa nyuma, ya kuchagua volti 115 au 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuichomeka, maana stima yetu ni 240. Na usiondoke dukani kabla haijawashwa ukiona.