Lawama zimezidi, fegi haziachiki: tunakosea wapi?

Barazani Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Zamani hapa Tanga mgeni alikaribishwa kahawa na sigara pamoja, na hakuna aliyekunja uso. Leo mvutaji anaambiwa asogee nje, na khutba inamgusa. Kuna mzee wa pakiti moja kwa siku, ya kwanza anaiwasha kabla hajanawa uso. Ameacha ghafla mara tatu, na kila mara siku ya tatu anarudi. Je, ni nia haba?

Mfamasia Chumbageni
Si nia. Nikotini hupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi, na arosto, yaani mwili kudai sigara, hufikia kilele siku ya pili na ya tatu: hasira, kichwa kuuma, usingizi kukatika. Hapo ndipo mzee anapoanguka. Kumsema vibaya kutamfanya avutie chooni, basi.

Anayevuta ndani ya nusu saa tangu aamke anahitaji jojo ya nikotini ya miligramu 4, si 2. Wengi wanaikosea. Huitafuna mfululizo, wanameza nikotini, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanasema dawa mbaya. Atafune polepole mpaka mdomo uwashe, aibane kati ya shavu na fizi. Mwasho ukiisha atafune tena, kwa dakika 30. Kahawa, soda na maji ya ukwaju akae navyo mbali dakika 15 kabla, kwa kuwa uchachu unazuia nikotini kupenya mdomoni.

Bandiko la nikotini la ngozini ni miligramu 21 kwa wiki 6, halafu 14 kwa wiki 2, halafu 7 kwa wiki 2. Kwa joto letu na jasho linabanduka, kwa hiyo alibandike asubuhi ngozi ikiwa kavu, bila mafuta, na kila siku mahali papya. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Kahawa Chungu
Naongeza jambo linalosahaulika. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini upesi. Akiacha, vikombe vilevile vinamlemea: moyo unadunda, halali, anadhani ni arosto. Apunguze kahawa nusu tangu siku ya kwanza.

Mwalimu wa Madrasa
Wanazuoni wengi wa zamani waliiita sigara makuruhu, yaani jambo lisilopendeza. Madhara yalipothibitika, wengi wakaihukumu haramu. Ndiyo maana sauti imebadilika. Ramadhani ni nafasi nzuri ya kuanza, ila hatari yake ni baada ya futari: tende, kahawa, kisha mkono unatafuta kiberiti. Ainuke hapo hapo aende kuswali. Jojo inafunguza saumu, kwa hiyo ni ya usiku. Kuhusu bandiko amuulize sheikh wake.

Barazani Ngamiani
Shukrani sana. Na akiteleza akavuta moja?

Mfamasia Chumbageni
Asiondoe bandiko, na asinunue pakiti. Aendelee na dozi ileile siku hiyohiyo, na awaambie wa nyumbani ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani.