Potasiamu imegoma kupanda: inavujia wapi kwenye mirija ya figo?

Raskazone_wodini: Wakuu, habari za jioni kutoka Tanga. Mgonjwa wa moyo yuko kwenye furosemidi (dawa ya kukojosha maji) miligramu 80 kwa siku, potasiamu ya damu 2.6, iko chini sana. Siku ya tatu sasa anapewa kloridi ya potasiamu, imegota 2.8. Hatapiki, haharishi. Inakwenda wapi? Na ndugu zake wanamletea madafu ya Pangani, yana faida?

Kitanzi: Inakwenda mkojoni. Pima potasiamu ya mkojo: ikizidi milimoli 20 kwa lita ilhali ya damu iko chini, figo ndiyo inayovuja. Kisha uliza magnesiamu ni ngapi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Figo huchuja kama lita 180 kwa siku. Mrija wa mwanzo hurudisha karibu theluthi mbili ya sodiamu, lakini magnesiamu huifyonza robo tu, pengine chini ya hapo. Asilimia 60 hadi 70 ya magnesiamu hungoja sehemu ya mrija inayofuata, mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle. Pale kuna kibebeo kinachobeba kwa mkupuo mmoja sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili. Potasiamu hiyo huvuja kurudi ndani ya mrija, ikiacha humo chaji chanya, na chaji hiyo ndiyo huisukuma magnesiamu (na kalsiamu) ipenye katikati ya seli na seli. Furosemidi huziba kibebeo. Chaji ikifa, magnesiamu inaondoka na mkojo.

Sodiamu iliyoachwa hufurika hadi mrija wa kukusanyia. Seli za huko huinyakua, hasa aldosteroni (homoni ya kutunza sodiamu) ikiwa juu, na potasiamu hutolewa. Kwa kawaida magnesiamu iliyo ndani ya seli hukaa kama kizibo kwenye mlango wa potasiamu. Ikipungua, mlango u wazi: unamimina kwenye pakacha.

Mfamasia wa Ngamiani: Sawa kabisa. Magnesiamu salfeti mnayo, ile ya kifafa cha mimba wodi ya wazazi. Ya asilimia 50, mililita 4 ni gramu 2, yaani milimoli 8. Ichanganye kwenye dripu iende taratibu kwa saa kadhaa. Ikikimbizwa, kiwango cha damu huruka na figo huitupa nyingi. Kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kwanza! Figo dhaifu haiwezi kuitoa ikizidi, kwa hiyo gonga goti uone kama mguu bado unaruka, hesabu pumzi, pima mkojo, na kalsiamu glukoneti (ya kuikabili magnesiamu ikizidi) iwe mkononi.

Potasiamu kwenye mshipa wa mkono isizidi milimoli 10 kwa saa, wala 40 kwa lita ya dripu. Kusukuma kwa bomba la sindano ni kuua.

Jibu la magnesiamu likija 0.75, yaani kawaida, usitulie, maana iliyo kwenye damu haifiki asilimia 1 ya ile ya mwilini. Angalia pia kama anameza omeprazo (dawa ya asidi ya tumbo) miezi mingi. Huzuia ufyonzaji wa magnesiamu utumboni.

Kitanzi: Madafu yana potasiamu kweli, kama milimoli 50 kwa lita, ingawa hutofautiana na umri wa dafu. Ila ni maji, na kwa moyo uliochoka yahesabiwe kwenye maji ya siku. Ningemwomba daktari afikirie spironolaktoni miligramu 25: huizuia aldosteroni, ikabakiza potasiamu na magnesiamu pamoja. Ikianza, vidonge vya potasiamu vipunguzwe, damu ipimwe tena siku ya tatu na baada ya wiki. Akiwa yuko kwenye kaptopili pia (dawa ya moyo na presha inayobakiza potasiamu), madafu yasimame. Potasiamu itapanda kupita unavyotaka.